Masikio ya Rosaire

Geji ya pampu ilikuwa imeshuka tangu asubuhi, na ikishuka maana yake ni moja: mahali fulani msituni mrija umetoboka na hewa inaingia. Miti ya sukari, ile ambayo maji yake matamu huvutwa kwa pampu na kupikwa yawe shira, ilikuwa elfu mbili na mia tatu, kila mmoja na tundu lake na mrija wake, na mirija yote iliteremka kilima hadi kwenye banda la kupikia shira. Kitundu kama jicho la sindano kilitosha kudhoofisha kilima kizima. Ilikuwa Machi, majira ya maji kukimbia mitini, na kila saa geji ikiwa chini ni shira ambayo haitapikwa tena mwaka huo.

Rosaire Veilleux alivaa viatu vyake vya theluji akatangulia kupanda. Mkewe Huguette alimfuata na koleo mkononi, viungio vya mirija vikigongana mfukoni mwake. Binti yao Maryse, mwenye miaka ishirini na saba, alichukua upande wa pili wa kilima. Daktari alikuwa amemkataza Rosaire kwenda msituni peke yake tangu kifafa kilipomwangusha mwezi wa Oktoba, siku ulipogunduliwa uvimbe kwenye ubongo wake. Hakumkataza kwenda na mkewe, na Rosaire alikuwa mtu wa kutii maneno kama yalivyosemwa, si zaidi.

Mrija unaovuja hutafutwa kwa sikio. Unasimama, unashika pumzi, unatega sikio usikie mluzi mwembamba kama wa mbu. Kwa miaka thelathini hiyo ilikuwa kazi ya Rosaire, na kote katika vilima vile vya Beauce majirani waliposhindwa kupata tundu walimwita yeye. Sasa alisimama chini ya mti mmoja, akainamisha kichwa.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Twende juu."

Huguette hakusogea. Mluzi ulikuwa unalia hapo hapo, kando ya bega la mumewe, mahali kindi alipotafuna.

"Acha utani, mzee."

"Utani gani?"

"Huo hapo, Rosaire. Umesimama kando yake."

Rosaire aliuangalia mrija, akaona alama za meno. Akaweka kidole juu ya tundu, mluzi ukakatika. Akaondoa kidole, ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu hakuutazama mrija. Alimtazama mkewe usoni, kana kwamba huko ndiko angejua kama kuna sauti au hakuna.

"Ni huu upepo," alisema mwishowe.

Hapakuwa na upepo. Huguette alimpa koleo, naye Rosaire akakata kipande kibovu, akafunga kiungio, wakashuka. Kule bandani geji ilikuwa imepanda.

Mchana walikula supu ya njegere na nyama ya nguruwe ya moshi. Maryse alikuwa na njaa, akala kwa haraka, kisha akagundua kwamba ni yeye peke yake anayekula.

"Wiki tatu zilizopita walikupima masikio," Huguette alianza. "Ulitoka pale ukaniambia wamekusifu."

"Walinisifu kweli. Walisema nina masikio ya kijana."

"Ulifanyaje?"

Rosaire alichezea kijiko. Hakuwa hodari wa kusema uongo mbele ya mkewe. Uongo wake wote aliufanyia nje ya nyumba. Basi akaeleza. Kuna kichumba kidogo chenye kioo. Wanakuvalisha vipokea sauti masikioni, wanakupa kitufe, na kila ukisikia mlio unabonyeza. Mpimaji, binti mmoja mpole jina lake Josée, anakaa upande wa pili wa kioo na kuitoa milio kwenye mashine yake. Sasa Josée ana bangili. Kila akigusa mashine bangili inateleza kidogo.

"Ni kama mkaguzi wa shira," alisema Rosaire. "Akija kuonja, mjinga anatazama kijiko. Mwenye akili anatazama nyusi."

Maryse alicheka, kisha akaacha kucheka. "Umefanya hivyo tangu lini, baba?"

"Januari."

"Kwa hiyo mara mbili."

"Moja na nusu. Ile ya kwanza bado nilikuwa nasikia nusu."

"Wewe mtu!" Huguette alisukuma bakuli lake. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Gérard. Yule wa pale pa kungojea, mwalimu mstaafu. Walimpima hiki, wakampima kile, akashindwa, wakamsimamishia dawa. Sasa yuko wapi?"

"Yuko wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Wote watatu waliijua picha ya ubongo iliyopigwa Februari. Dawa ya kwanza, ile ya kutundikwa mkononi, ilikuwa imeshindwa kufika kichwani. Hii ya pili walimpitishia mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa damu, kuanzia nyongani, ukapanda mwilini mpaka shingoni, dawa ikamwagwa karibu kabisa na ubongo. Na uvimbe uliokuwa kama yai ulikuwa umenywea ukawa kama zabibu kubwa. Daktari aliwaonyesha kwa ncha ya kalamu, na Huguette alilia hadharani, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye msiba wa mama yake.

"Tawi moja likiharibika unalifunga, unaokoa kilima," Rosaire alisema. "Miaka thelathini ndivyo ninavyofanya. Masikio ni tawi. Nimelifunga."

"Na mimi nitaongea na nani?"

Hilo Rosaire hakulitegemea.

Huguette aliinuka, akavuta droo, akatoa karatasi za hospitali. Zilikuwa kurasa kumi na moja ambazo Rosaire alitia sahihi mwezi wa Desemba bila kusoma hata mstari. Yeye alikuwa amezisoma zote, mara nyingi, peke yake. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa saba. "'Mgonjwa akipungukiwa na uwezo wa kusikia, au akisikia mlio masikioni, amwarifu daktari mapema.' Mapema, wameandika. Hawakuandika watakunyang'anya dawa."

"Hawakuandika pia kwamba hawataninyang'anya."

"Baba, hiyo ni hoja ya mtoto," alisema Maryse.

"Mkimwambia daktari, Alhamisi sipandi gari la kwenda hospitali. Nimesema."

Maryse alimtazama mama yake, akitegemea vita. Lakini Huguette alikunja karatasi taratibu, akazirudisha kwenye droo.

"Sitamwambia mtu," alisema. "Mimi si mama yako. Lakini Alhamisi naingia nawe ndani."

Alhamisi walisafiri saa moja na nusu, Maryse akiendesha kwa kuwa wazazi wake hawakuwa wakiongea, na mtu asiyeongea hafai kuendesha kwenye barafu. Josée alishangaa kidogo kumwona Huguette, ila akampa kiti nyuma yake, mbele ya kioo. Rosaire aliingia kichumbani, mlango mzito ukafungwa, akavalishwa vipokea sauti.

Milio ya chini aliisikia yote, ile ya kubweka kama mbwa wa mbali. Hiyo aliibonyeza kwa haki. Ya katikati aliipata mingi. Kisha kukawa kimya, kimya cha theluji nene, na nyuma ya kioo bangili ikateleza. Akabonyeza. Ikateleza tena. Akabonyeza.

Josée aligeuka, akamwambia Huguette kitu. Kwa jinsi alivyotabasamu Rosaire alijua ni kile kile, habari za masikio ya kijana. Akamtazama mkewe. Huguette alikuwa mwanamke ambaye aliwahi kurudi dukani kilomita kumi kurudisha chenji iliyozidi. Aliwahi kumwambia kasisi mbele ya waumini kwamba hakuyaelewa mahubiri. Sasa alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ana bahati, na mikono yake miwili ilikuwa imekamata mkoba mapajani kama mtu aliye kwenye gari linaloteleza.

Rosaire alivua vipokea sauti, akagonga kioo.

"Kuna tatizo, Bwana Veilleux?" Josée alifungua mlango.

"Anza upya, binti yangu."

"Lakini unaendelea vizuri sana."

"Najua. Ndiyo tatizo lenyewe." Akainuka, akakikokota kiti, akakigeuza mpaka akawa anatazama ukuta. "Bangili yako ni nzuri. Nani alikupa?"

Josée aliitazama bangili, akamtazama yeye, akaelewa. Alipata wekundu mpaka shingoni, kana kwamba kosa ni lake. Akaivua, akaiweka mfukoni, akafunga mlango.

Safari hii Rosaire alikaa na kitufe mkononi akitazama ukuta wenye vitundu vidogo vidogo. Alibonyeza alipoweza. Kisha akakaa tu. Alikaa muda mrefu sana bila kubonyeza, na nyuma yake, ambako hakuweza kuona, Huguette alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Daktari Pomerleau alikuwa mwanamke mfupi mwenye kuongea haraka, na siku hiyo aliongea polepole. Aliweka karatasi mezani. Mstari ulitambaa vizuri upande wa kushoto, ulipofika kulia ukaporomoka kama paa lililozidiwa na theluji.

"Januari ulinidanganya mimi, Bwana Veilleux, au ulijidanganya mwenyewe?"

"Niliidanganya bangili."

"Baba," alisema Maryse.

"Mnaniachisha dawa?" Aliuliza huku akiitazama kofia yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho ameshajua hawezi kukinunua.

"Nani kakwambia?"

"Gérard. Walimsimamisha."

"Habari za Gérard sizijui, na ningezijua nisingekwambia." Daktari alivuta kiti karibu. "Sikiliza. Samahani. Nitazame. Sisi dawa tunaipeleka mlangoni kwa uvimbe, ndiyo maana inakufaa. Lakini ni kali, na sikio ni dhaifu, linaathirika kabla ya viungo vingine. Hilo tunalijua. Ndiyo maana tunakupima kila mwezi, si kwa ajili ya kukufukuza. Ipo dawa ya kinga. Tunaitundika mkononi saa nne baada ya ile ya mshipani, na tunarudia zikitimia saa nane tangu ile. Ikitangulia, inaiua nguvu ya dawa ya saratani. Ikichelewa, sikio limeshaondoka. Ni suala la kuvizia wakati tu."

"Na matibabu yanaendelea?"

"Leo hii, saa tano."

Kwa hasira ya mtu aliyesalimika, Rosaire akasema, "Sasa mbona hamkunipa hiyo kinga Januari?"

"Kwa sababu Januari ulikuwa na masikio ya kijana."

Huguette ndiye aliyeanza kucheka. Hakutaka kucheka, ilimtoka puani, akatafuta kitambaa. Maryse akafuata. Daktari alijitahidi kushika uso wake wa kikazi, akashindwa. Rosaire aliwatazama wanawake watatu wakimcheka, akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Haya, chekeni. Na kilichokwenda?"

"Kilichokwenda hakirudi," alisema daktari, naye hakuwa akicheka tena. "Nitakuwa mwongo nikisema vingine. Tutashikilia kilichobaki."

Kabla hawajatoka aliandika kwenye kikaratasi cha njano, akakibandika juu ya faili: *Kiti kigeuzwe.*

Mambo mengine yalikwenda kama miezi iliyotangulia. Walimlaza macho wazi chini ya taa, wakatia ganzi nyongani, mrija ukapanda. Kila baada ya muda mfupi sauti ilimwambia abane vidole, ataje siku za wiki, aseme anaona nini kwa jicho la kulia. Rosaire alitaja siku za wiki kuanzia Jumapili, na alipofika Alhamisi alisema ni siku mbaya. Dawa ilipoingia alihisi joto nyuma ya jicho, kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Kisha wakamrudisha wodini alale chali kwa saa sita, mguu ukiwa umenyooka, asije akafungua tundu la nyongani.

Saa nne zilipotimia muuguzi alikuja na chupa ya kinga. Walikuwa wameambiwa inachafua tumbo. Hawakuwa wameambiwa kiasi gani. Mtu anayetapika hutaka kuinama, na Rosaire hakuruhusiwa kuinua hata kichwa. Alikigeuza pembeni tu, na mengi hayakufika kwenye beseni. Yalikwenda shingoni, kwenye shuka, kwenye mkono wa Huguette. Katika kitanda cha pili mtu na wageni wake walijifanya wanatazama dirishani.

"Hii kinga itaniua," alisema alipopata pumzi.

Huguette alishusha sauti hadi ikawa karibu pumzi tupu. "Nimesema nini?"

"Umesema 'nimesema nini'."

"Basi haijakuua." Akalowesha kitambaa, akampangusa nyuma ya sikio moja, kisha la pili, taratibu, kama mtu anayepangusa vikombe vya wageni.

Nyumbani waligawana kazi upya, bila kikao. Maryse akawa mwenye kusikiliza mirija. Rosaire aligundua kwamba mahali hewa inapoingia mapovu hukimbia ndani ya mrija haraka kuliko maji, na kwamba jicho lake lilikuwa zima. Wakawa wanabishana nani aligundua kwanza, sikio au jicho, na Huguette, aliyekuwa akikoleza moto bandani, aliwasikia wakishuka kilima wakigombana, akashukuru Mungu kwa kelele hizo. Shira ya mwaka ule ilitoka nyepesi, ya rangi ya dhahabu, na mkaguzi alipokuja Rosaire hakumtazama nyusi. Alikwenda nje kuchanja kuni mpaka mtu yule alipomaliza.

Katikati ya Aprili walirudi hospitalini. Sehemu ya kungojea ilikuwa imejaa, na Josée alikuwa na msaidizi mpya, kijana mwenye sauti ya kwaya, aliyesimama mlangoni na faili mkononi.

"Bwana Veilleux? Wewe ndiye wa kugeuziwa kiti?"

Watu ishirini waliinua macho. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake. Rosaire aliinuka, akavuta suruali juu, akasema kwa sauti ya kutosha wote, "Ndiye. Nilikamatwa nikiiba mitihani," akaingia ndani huku masikio yake mabovu yakiwa mekundu kama nyanya.

Picha ya kichwa walikuwa wameshaipata asubuhi hiyo: zabibu ilikuwa imezidi kunywea. Huguette alikuwa amelia tena, safari hii kwa uzoefu. Ilibaki kujua walichokinunua kwa yale matapishi. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya Josée, akautazama mgongo wa mumewe upande wa pili wa kioo, shati la mistari, nywele zilizoanza kuota upya kisogoni. Mgongo ule ulikaa wima. Wakati mwingine kidole gumba kilibonyeza. Wakati mwingine milio ilipita, na mgongo ukabaki vile vile, haujui, haudanganyi.

Josée alipomaliza alichapisha karatasi. Akaichukua na ya Machi, akaziweka moja juu ya nyingine, akazishika kwenye mwanga wa dirisha. Alizisogeza kidogo mpaka pembe zikalingana. Huguette alisogea kutazama. Rosaire alitoka kichumbani, akasimama kando yao, akiogopa kuuliza.

"Mbona naona mstari mmoja?" Huguette aliuliza.

"Ni miwili," alisema Josée. "Mmoja umelala juu ya mwenzake."

"Kwa hiyo hakuna kilichobadilika?" Rosaire aliuliza.

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bwana Veilleux. Umeharibika kiasi kile kile cha Machi."

Rosaire aliichukua karatasi, akaitazama sana, upande wa kushoto ulionyooka na upande wa kulia ulioporomoka, kama mtu aliyepewa hati ya shamba lake na kukuta mipaka imebaki pale pale. Alipata misimu mitatu mingine ya shira baada ya huo, na wa mwisho aliutazama kutoka dirishani. Huguette anazo zile karatasi mbili mpaka leo. Katika misimu yote hiyo hakulazimika hata siku moja kupaza sauti ndani ya nyumba.

Lakini siku ile hawakuwa wakiyajua hayo, wala hawakuyahitaji. Josée alikuwa anatafuta bahasha. Rosaire aliipeleka karatasi karibu na dirisha aitazame tena, akawapa mgongo. Huguette, akifunga vifungo vya koti lake upande wa mlangoni, alisema chini chini, kwa ajili yake mwenyewe tu:

"Mzee mwongo wewe."

"Nimesikia," alisema Rosaire, bila kugeuka.